Barua kwa Mhariri: Setilaiti haisimami, inashikiliwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya mawasiliano ya angani ilitufurahisha, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kutenga ukurasa mzima kwa habari za setilaiti. Lakini yamo mambo matatu ambayo yakiachwa hivyo yatamkaa msomaji kichwani kwa miaka mingi. Mmesema Early Bird ndiyo setilaiti ya kwanza kukaa mahali pamoja juu ya Ikweta. Mmesema setilaiti ya namna hiyo ikishafika huko "hukaa tuli bila kuhitaji chochote". Halafu mkaziita zile za mwanzo makopo yenye redio ndani. La kwanza ni kosa la tarehe, na linarekebishika haraka. La pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tulimalize la tarehe. Kampuni ya Hughes Aircraft ya Marekani ilitengeneza setilaiti tatu za Syncom kwa ajili ya NASA, kwa kazi ya Harold Rosen, Don Williams na Thomas Hudspeth. Syncom 1 iliondoka Cape Canaveral tarehe 14 Februari 1963 ikapotea: mawasiliano yalikatika mota yake ilipokuwa inamalizia kuwaka. Darubini zilikuja kuthibitisha baadaye kwamba kweli imo kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ya karibu saa 24, ila ni bubu. Lililoshukiwa ni tangi la naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, kwamba lilipasuka. Syncom 2 ilirushwa tarehe 26 Julai 1963, na hiyo ndiyo ya kwanza duniani kuzunguka sambamba na dunia na kufanya kazi. Tunasema sambamba, hatusemi imekaa mahali pamoja, kwa sababu obiti yake iliinama nyuzi 33. Mtu aliye ardhini angeiona ikipanda nyuzi 33 kaskazini mwa Ikweta na kushuka nyuzi 33 kusini kila siku, ikichora umbo jembamba la tarakimu nane angani. Syncom 3, iliyorushwa tarehe 19 Agosti 1964, ndiyo iliyonyooshwa hadi ikalala juu ya Ikweta yenyewe, juu ya bahari ya Pasifiki. Oktoba mwaka huo picha za Olimpiki ya Tokyo zilirushwa kutoka Kashima, Japani, zikapita kwake na kupokelewa Point Mugu, California. Early Bird, ambayo jina lake rasmi ni Intelsat I, ilifuata tarehe 6 Aprili 1965. Hiyo ni ya kwanza ya biashara, na heshima hiyo inaitosha.

Na kwa kuwa makala haikuitaja Afrika hata mara moja, tuongeze hili: tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy, akiwa Washington, alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia Syncom 2. Balewa alikuwa ndani ya meli ya USNS Kingsport iliyotia nanga Lagos, ikiwa na dishi la upana wa mita 9 hivi juu ya sitaha. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya viongozi wa serikali kupitia setilaiti, na setilaiti yenyewe ilikuwa na uwezo wa kubeba mazungumzo hayo tu: simu moja ya kwenda na kurudi, basi.

Sasa tuje kwenye neno "tuli".

Setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya Ikweta inakwenda kilomita 3.07 kwa sekunde. Haijasimama. Inaanguka kuelekea dunia muda wote, lakini mwendo wake wa kwenda mbele unaifanya iikose dunia, na mzunguko wake mmoja unachukua muda uleule ambao dunia hujizungusha mara moja. Muda huo si saa 24. Ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa sababu saa 24 zetu hupimwa kwa jua, na dunia nayo inasogea kulizunguka jua. Dakika hizo nne si jambo la kupuuzwa: ukiiweka setilaiti kwenye obiti ya saa 24 kamili, itateleza karibu nyuzi 1 kuelekea magharibi kila siku, na baada ya miezi mitatu imeondoka robo ya dunia.

Hata kilomita moja ina hesabu yake. Setilaiti iliyo juu zaidi kwa kilomita 1 hubaki nyuma nyuzi 0.013 kwa siku. Ikiwa juu zaidi kwa kilomita 10, itapotea karibu nyuzi 4 kwa mwezi. Na hapa pana jambo linalowachanganya wengi wanaoanza kazi hii: ukiisukuma setilaiti mbele, inarudi nyuma. Msukumo wa mita 1 tu kwa sekunde kuelekea mashariki huinua obiti kwa wastani wa kilomita 27, mzunguko unakuwa mrefu zaidi, na setilaiti inaanza kuteleza kwenda magharibi kwa theluthi ya nyuzi kila siku. Ukitaka iende mashariki, lazima uipunguze mwendo.

Kufika huko nako kulikuwa na hatari zake. Roketi ya Delta haikuifikisha setilaiti pale juu. Iliitupa kwenye obiti yenye umbo la yai, ambayo upande mmoja unakaribia dunia kwa kilomita mia chache na upande wa pili unafika kilomita 36,000 hivi. Pale kileleni mwendo wa setilaiti umeshuka hadi kilomita 1.6 kwa sekunde, wakati inahitaji 3.07. Tofauti hiyo hulipwa na mota ya mafuta magumu iliyomo ndani ya setilaiti yenyewe, mota ya kilele. Kama obiti imeinama nyuzi 28.5, ambayo ndiyo latitudo ya Cape Canaveral, na unataka kuinyoosha hadi Ikweta kwa mwako huohuo, utahitaji kilomita 1.84 kwa sekunde. Roketi iliyobeba Syncom 2 haikuwa na nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo, ndiyo maana ile nane ikabaki. Syncom 3 ilipata Delta iliyoongezewa roketi ndogo za pembeni.

Mota ya mafuta magumu haizimwi ikishawaka, na haiwashwi mara ya pili. Kila kitu lazima kiwe tayari kabla: setilaiti, ambayo ina umbo la ngoma, inazunguka kama pia ya watoto, mhimili wake umeelekezwa pale msukumo unapotakiwa, na saa ya kufika kileleni imehesabiwa kwa siku kadhaa za kuifuatilia. Mhimili ukikosea nyuzi 1 tu, mota ya kilomita 1.84 kwa sekunde inakuachia mita 32 kwa sekunde za kwenda pembeni, na deni hilo litalipwa kwa gesi ileile ndogo iliyokusudiwa kuishikilia setilaiti maisha yake yote. Mota yenyewe ikigoma, hakuna fundi atakayeifuata. Ya kwanza kati ya setilaiti za Intelsat II, kizazi kilichofuata Early Bird, iliyorushwa tarehe 26 Oktoba 1966, iliishia hapo: mota ya kilele haikuwaka inavyopaswa, setilaiti ikabaki kwenye obiti ya yai.

Tukubaliane sasa kwamba imefika. Ile ngoma inayozunguka bado imelala ubavu. Wakati wa kuwasha mota mhimili ulikuwa umeelekea njia ya obiti. Kwa kazi ya mawasiliano unatakiwa usimame wima, sambamba na mhimili wa dunia, ndipo antena itazame inakopaswa. Lazima igeuzwe karibu nyuzi 90, na inageuzwa kwa nozeli mbili tu.

Nozeli ya kwanza iko ukingoni mwa ngoma, inapuliza sambamba na mhimili. Ya pili iko ubavuni, inapuliza kwenda nje, na mstari wake unapita katikati ya uzito wa setilaiti. Early Bird ilikuwa na mifumo miwili kamili ya aina hii, mmoja wa akiba. Kilichopulizwa ni hidrojeni peroksaidi, ambayo ikipita kwenye kichocheo hugeuka mvuke wa moto na oksijeni. Ubaya wake ni kwamba hujivunjavunja yenyewe polepole hata ikiwa ndani ya tangi, na mgandamizo hupanda, kwa hiyo namba ya tangi ni ya kutazamwa kila siku.

Nozeli ya ukingoni ikipuliza mfululizo, inaisukuma setilaiti nzima kaskazini au kusini. Ikipuliza kwa mapigo mafupi, kila pigo kwenye pembe ileile ya mzunguko, inageuza mhimili. Ngoma inayozunguka haiinamii pale ulipoisukuma; huinama robo mzunguko mbele. Asiyelijua hilo ataigeuza setilaiti upande asioutaka, na kila pigo litamzidishia kosa. Nozeli ya ubavuni nayo ikipuliza mfululizo haifanyi kitu, maana inazunguka na msukumo wa upande huu unafutwa na wa upande ule. Ikipuliza kwa mapigo kwenye pembe moja, inaongeza au inapunguza mwendo wa obiti, yaani inaisogeza setilaiti mashariki au magharibi. Nozeli mbili, kazi zote. Hatujaona mpango mwepesi kuliko huo uliofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Tatizo ni wakati. Tuchukue ngoma inayozunguka mara 150 kwa dakika: mzunguko mmoja ni sekunde 0.4. Pigo la sehemu ya nane ya mzunguko ni sekunde 0.05. Kwa nini sehemu ya nane? Kwa sababu nozeli inazunguka huku inapuliza, na ikiachwa wazi muda mrefu inaanza kusukuma pembeni. Kwa sehemu ya nane unapata asilimia 97 ya msukumo kwenye upande unaoutaka. Ukiiacha wazi nusu mzunguko, unapata asilimia 64 tu, gesi nyingine imekwenda bure. Na kosa la sekunde 0.01 katika kufungua ni kosa la nyuzi 9.

Setilaiti ilijuaje imefika pembe gani? Haikujua. Ilikuwa na vijidirisha vyembamba vya kuhisi jua ubavuni, na kila jua lilipopita kijidirishani, mpigo wa umeme ulitumwa chini kwa redio. Ardhini palikuwa na kifaa cha kulandanisha kilichofuata mapigo hayo, kikahesabu pembe, kikatuma amri ya kupuliza. Lakini mpigo wa jua unachukua sekunde 0.12 hadi 0.14 kushuka, na amri inachukua muda uleule kupanda. Jumla ni zaidi ya nusu ya mzunguko. Amri inayofika juu inaikuta ngoma imeshageuka nyuzi 215 hadi 250 tangu jua lilipoonekana. Kwa hiyo kifaa hakikuujibu mpigo uliopita. Kilitabiri ujao, baada ya kutoa muda wa safari zote mbili na ucheleweshaji wa vali yenyewe. Ndiyo kazi iliyokuwa inafanyika, mapigo kwa mamia, ili msomaji wa leo aambiwe kwamba setilaiti ilikaa tuli.

Kisha tuangalie antena. Ngoma nzima ilizunguka, antena ikiwemo. Antena inayotazama upande mmoja ingemulika dunia na kuiacha mara 150 kwa dakika. Njia iliyochukuliwa ni antena inayosambaza mawimbi pande zote kuzunguka mhimili, kama mwanga wa taa ya chemli. Kutoka kule juu dunia inaonekana kwa upana wa nyuzi 17.4 tu kati ya 360. Kwa maneno mengine, katika kila wati 20 zilizotoka, zaidi ya 19 zilikwenda gizani. Na tyubu ya kukuza mawimbi ya Early Bird ilikuwa ya wati 6. Mwali wa mawimbi ya Early Bird ulielekezwa upande wa kaskazini, kwa kuwa wateja wake walikuwa Marekani Kaskazini na Ulaya. Setilaiti za Intelsat II zilizofuata zikarudisha mwali katikati, ili kusini nako kupate.

Umaskini huo wa juu ulilipwa na utajiri wa chini. Andover, katika jimbo la Maine, Marekani, palikuwa na antena yenye umbo la baragumu, ya uzito wa tani 340, ndani ya kuba lenye upana wa mita 64. Pleumeur-Bodou, Ufaransa, walikuwa na ya aina hiyohiyo. Goonhilly, Uingereza, walitumia dishi la wazi la upana wa mita 26, uzito wa zaidi ya tani 1,100. Raisting, Ujerumani, na Fucino, Italia, nao wakaingia. Hata kwa madishi hayo, nguvu iliyofika kwenye mpokeaji ilikuwa chini ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kupokea kilikuwa kile kiitwacho kwa Kiingereza "maser", kikuza mawimbi kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi kelvini 4 hivi, yaani nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ili kelele yake yenyewe isimeze ishara.

Kwenye vituo vya namna hii makosa huwa madogo kwa macho na makubwa kwa kipimo. Muungio wa bomba la mawimbi uliolegea ukapoteza desibeli 0.1 tu, yaani kama asilimia 2 ya nguvu, kabla ya kikuza cha kwanza, unaongeza kelele sawa na ya joto la karibu kelvini 7. Ukiwa umelipia heliamu ili upate kelvini 4, muungio mmoja umeshakuzidi. Maji ya mvua yakitanda juu ya kuba, utando huo mwembamba unameza mawimbi na kutoa kelele yake, na ishara inashuka ingawa dishi na setilaiti havina kasoro yoyote. Halafu kuna kulenga. Mwali wa dishi la mita 26 kwenye gigahetzi 4 una upana wa nyuzi 0.2 hivi. Setilaiti ikisogea nyuzi 0.1, nusu ya nguvu imepotea. Wala dishi halikufungwa kwa boliti likaachwa. Lilifuata muda wote.

Kuhusu simu zenyewe makala ilisema "sauti ilikuwa safi kama ya jirani". Usafi wa sauti, sawa. Lakini sauti iliyopanda na kushuka ilichukua sekunde 0.24 hadi 0.28, na jibu likachukua nyingine kama hizo, kwa hiyo aliyeuliza swali alikaa zaidi ya nusu sekunde kabla ya kusikia kitu. Baya zaidi ni mwangwi. Simu ya nyumbani hutumia waya mbili, njia ya mbali hutumia nne, na transfoma inayoziunganisha haijawahi kulingana kikamilifu na kila laini. Sehemu ya sauti yako inavuja na kukurudia. Kwenye simu ya karibu huisikii, kwa kuwa inarudi papo hapo. Ikirudi baada ya nusu sekunde, ulimi unakwama. Dawa ilikuwa kizuia mwangwi, kifaa kinachokata njia ya kurudi wakati upande mmoja unaongea, na ubaya wake ni kwamba wote wawili wakiongea pamoja, neno la kwanza la mmoja linakatwa. Ndiyo sababu kanuni ya njia za kimataifa ikawa kutopitisha simu moja kwenye setilaiti mbili mfululizo: ucheleweshaji unapita sekunde moja kwa jibu, na mazungumzo yanakuwa ya kupokezana zamu.

Early Bird ilibeba simu 240, au televisheni moja. Msisitizo ni kwenye hilo "au": picha ilipotakiwa, simu ziliondolewa. Linganisha na kebo ya kwanza ya simu chini ya Atlantiki, TAT-1 ya mwaka 1956, iliyoanza na njia 36. Hata hivyo Early Bird iliunganisha vituo viwili tu kwa wakati mmoja, na vituo vya Ulaya vilipokezana zamu ya kuunganishwa na Andover. Sababu ni tyubu ya kukuza mawimbi. Ikiendeshwa kwa nguvu yake yote haikuzi kwa usawa. Mawimbi mawili yakiingia pamoja, yanazaa mengine yasiyokuwepo, ambayo yanaangukia juu ya njia za watu wengine. Ukitaka vituo vingi viingie pamoja, lazima tyubu iendeshwe chini ya uwezo wake, na hapo wati zinapungua. Intelsat II ilikubali gharama hiyo: ilibeba tyubu nne za wati 6, ikaziendesha kwa pamoja na kwa upole, na vituo vingi vikaweza kuitumia kwa wakati mmoja. Simu zilibaki 240 zilezile. Kilichoongezeka ni mlango.

Intelsat III ndiyo iliyorudisha zile wati 19 zilizokuwa zinapotea. Ngoma iliendelea kuzunguka, lakini antena iliyokaa juu yake ilizungushwa kinyume na mota, kwa kasi ileile, ikabaki imeitazama dunia. Uwezo ukafika simu zaidi ya 1,000. Lakini sasa palikuwa na beringi angani. Beringi kwenye ombwe haina hewa ya kuipoza, grisi ya kawaida huvukiza, na upande wa ndani ukipata joto tofauti na wa nje, nafasi iliyopimwa kwa sehemu za milimita inaziba. Antena ikikwama kwenye ngoma, inaanza kuzunguka nayo, na kituo cha chini kinaona ishara inakuja na kuondoka kama taa ya mnara. Mwezi Juni 1969 antena ya Intelsat III ya Atlantiki ilikwama, wiki chache kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza ya kumfikisha binadamu mwezini. Wakaiamsha Early Bird, ambayo ilikuwa imezimwa Januari. Ilitengenezwa idumu miezi 18. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka minne, na ikashika kazi hadi Agosti. Mhariri, hilo ndilo mliloliita kopo.

Ngoma ile ilikuwa na upana wa robo tatu ya mita na kimo cha sentimita 60 hivi, uzito chini ya kilo 40 baada ya mota kuungua. Seli za jua 6,000 zilibandikwa kuizunguka. Kwa umbo la mviringo, kwa wakati wowote ni sawa na theluthi tu ya seli hizo inayolikabili jua moja kwa moja, na waliijua hasara hiyo. Walichonunua kwa hasara hiyo ni kwamba hakuna paneli ya kukunjua, kwa hiyo hakuna bawaba ya kukwama. Kuzunguka kunasawazisha joto, kwa hiyo hakuna upande unaoungua wakati mwingine unaganda. Na mhimili unajishikilia wenyewe kwa mzunguko, kwa hiyo ukikosa kutuma amri kwa wiki nzima, antena bado inatazama pale ulipoiacha. Kila kitu kilichoondolewa kilikuwa kitu kimoja kisichoweza kuharibika.

Turudi kwenye kuteleza, maana hapo kuna jambo ambalo hata vitabu vya shule huliruka. Ikweta ya dunia si duara kamili. Ni yai hafifu. Kwa sababu hiyo setilaiti haivutwi moja kwa moja kuelekea katikati, inavutwa kidogo mashariki au magharibi kutegemea longitudo. Kuna sehemu mbili tulivu, karibu na nyuzi 75 mashariki na nyuzi 105 magharibi, na setilaiti isiyo na gesi huyumba kuzizunguka kwa miaka, kama bembea. Syncom 2 ilipowekwa karibu na nyuzi 55 magharibi, wataalamu wa NASA walipima mteremko wake na kupata kutoka kwake kipimo cha uyai wa Ikweta. Setilaiti ya simu moja ikaipima dunia! Kulizuia vuto hilo hakuli gesi nyingi, mita 2 kwa sekunde kwa mwaka hata pale linapozidi. Linalokula gesi ni mwezi na jua, ambavyo vinaiinamisha obiti nzima kati ya nyuzi 0.75 na 0.95 kila mwaka. Kuzuia hilo kunahitaji mita 50 kwa sekunde kwa mwaka. Gesi ikiisha, ile nane huanza tena, nyembamba mwaka wa kwanza, pana kila mwaka unaofuata, hadi nyuzi 15 hivi kabla ya kurudi.

Na kila mwaka kuna misimu miwili ya kujiandaa. Siku 22 hivi kabla na baada ya Machi 21 na Septemba 23, siku za usawa wa usiku na mchana, setilaiti huingia kwenye kivuli cha dunia kila usiku, kwa muda unaofika dakika 70 kileleni mwa msimu. Seli hazina jua, na ngoma inapoa ghafla. Katika misimu hiyohiyo mchana jua hupita nyuma ya setilaiti, dishi likawa linalitazama jua, na kelele yake inaimeza ishara kwa dakika chache kila siku kwa siku kadhaa. Kituo cha kaskazini mwa Ikweta hukumbwa kabla ya usawa wa Machi na baada ya ule wa Septemba. Cha kusini ni kinyume. Tarehe na dakika huhesabika mapema kabisa, kwa hiyo fundi anayeshangazwa nalo hakufungua kalenda.

Mwisho, maelezo ya picha ya ukurasa ule. Mmeandika kwamba ile ngoma iliyoshikwa juu ya Mnara wa Eiffel ni "Early Bird kabla ya kurushwa". Ile ni sampuli ya Syncom, iliyopelekwa kwenye maonyesho ya ndege ya Paris mwaka 1961, na mmoja wa wanaoonekana nayo ni Harold Rosen. Wakati picha inapigwa, Early Bird ilikuwa haijaanza hata kuchorwa, na sampuli ile haikurushwa kamwe. Tunaomba maelezo hayo yasahihishwe katika toleo lijalo, pamoja na tarehe za Syncom 2 na Syncom 3 kama tulivyoziandika hapo juu.

Wenu,
Wahandisi wa vituo vya ardhini vya setilaiti